Tangi la maji chumvi likipungua, ujazie maji gani? Mwongozo kamili

“Kaka, maji nayajazia kila siku, lakini konokono wamejifungia na samaki wanahema mbiombio. Na maji yenyewe nayachota baharini, safi kabisa.”

Ujumbe wa namna hii hunifikia kila joto la Januari na Februari linapopamba moto. Nikimwomba aliyeandika apime chumvi, majibu huwa yale yale: 40, 41, siku nyingine 43. Bahari yenyewe ni 35, yaani kama gramu 35 za chumvi katika kila lita. Ndugu huyu hajakosa bidii. Amechanganya mambo mawili tu: kujazia maji na kubadilisha maji.

Maji yanayopungua kwenye tangi huondoka kama mvuke, na mvuke haubebi chumvi. Chukua tangi la lita 200. Ndani mna karibu kilo 7 za chumvi. Likipoteza lita 4 kwa siku, na wewe ukarudisha lita 4 za maji ya bahari, kila siku unaongeza gramu 140 za chumvi. Kwa wiki ni gramu 980. Tangi lililokuwa 35 sasa ni 40, na kwa macho huoni kitu, maana maji yapo pale pale kwenye mstari wake.

Kilichotoka ni maji matupu, basi kinachorudi nacho kiwe maji matupu. Chochote kingine unachokitia pamoja nayo, iwe chokaa, nitrati, fosfati, shaba au floridi, hakina mbawa za kupaa na mvuke. Kitabaki humo na kesho utakiongezea kingine.

## Andaa hivi kwanza

- Kipima TDS cha mkononi. Ni kifaa kama kalamu kinachoonyesha wingi wa vitu vilivyoyeyuka, kwa miligramu katika kila lita. Ukiwa na pesa ya kifaa kimoja tu mwezi huu, nunua hiki.
- Rifraktomita ya kupimia chumvi. Haidromita ya plastiki yenye mshale inafaa kwa kuanzia, ila mshale wake hukwama kwenye viputo vya hewa na kukudanganya.
- Madumu mawili ya lita 20 yenye vifuniko, mapya au yaliyokuwa na maji ya kunywa tu.
- Jagi la lita 1 lenye alama za vipimo.
- Tepu nyeupe na kalamu ya wino usiofutika.
- Mpira wa dripu wa hospitali, mpya, kutoka duka la dawa. Bei yake ndogo na kazi yake kubwa, utaona.
- Vipimo vya nitrati na fosfati, hasa kama una matumbawe.
- Chanzo cha maji. Hapa ndipo pana maneno, na nimekiwekea hatua yake.

## Hatua ya 1: Jua tangi lako linapoteza lita ngapi

Bandika tepu kwenye kioo, uchore mstari pale maji yalipo sasa hivi. Kama tangi lako lina sampu chini, yaani tangi dogo la pili lenye pampu, usihangaike na kioo cha juu. Kule maji hayashuki. Yanayoshuka ni yale ya chumba cha pampu kwenye sampu, basi mstari uchore hapo.

Kwa siku 7, saa ile ile kila siku, jazia kwa jagi hadi mstarini na uandike umetia lita ngapi. Siku hizi saba tumia maji yenye TDS ndogo kuliko yote unayoweza kuyapata, hata ya chupa.

Tangi la wazi hupoteza kama asilimia 1 hadi 2 ya maji yake kwa siku. Ukiwasha feni ipulize juu ya maji ili kuyapoza, hesabu inaweza kufika asilimia 3 au 4. Wengi hushangaa kuona tangi la sebule yenye kiyoyozi linakauka upesi kuliko la barazani. Hewa ya pwani imejaa unyevu na haina haraka ya kunywa maji, lakini kiyoyozi huikausha.

Usiikwepe hatua hii. Namba utakayoipata ndiyo itakayokuambia kama utaishi kwa maji ya chupa au unahitaji mashine ya kuchujia. Anayepoteza lita 1 kwa siku na anayepoteza lita 8 hawana shida moja.

Utajua umefaulu siku tatu za mwisho zikikaribiana, tuseme 3.8, 4.0 na 3.9. Zikirukaruka sana, tazama kama tangi linavuja au kama kuna anayefungua na kufunga madirisha.

## Hatua ya 2: Pima chumvi ya tangi

Jazia hadi mstarini, ngoja nusu saa maji yachanganyike, ndipo upime. Ukipima maji yakiwa yamepungua utasoma chumvi iliyo juu kuliko ukweli.

Rifraktomita nayo hupotea njia. Watu wengi huisawazisha kwa maji matupu ili isome 0, wakaridhika. Kusoma 0 vizuri hakuhakikishi kwamba itasoma 35 vizuri. Kama huwezi kununua kimiminika cha kusawazishia, tengeneza chako: gramu 36.5 za chumvi ya kawaida isiyo na vitu vingine, ndani ya gramu 963.5 za maji matupu. Mchanganyiko huo kwenye kioo cha rifraktomita hupinda mwanga sawa na maji ya bahari ya 35. Tumia mizani ya jikoni ya kidijitali. Vijiko acha.

Ukisoma 34 hadi 36, endelea na hatua ya 3.

Ukisoma 40, usipaparike ukamwaga ndoo nzima ya maji matamu. Samaki waliopandishwa taratibu washushwe taratibu. Kwa tangi la lita 200, toa lita 5 za maji ya tangi na urudishe lita 5 za maji matupu, mara moja kwa siku. Kila mara chumvi inashuka kama 1: 40, 39, 38, 37, 36, na siku ya tano umefika 35 na kidogo. Konokono na kamba ndio watakaokuonyesha kama unakwenda haraka mno. Wakijifungia au wakilala ubavu, pumzika siku moja.

## Hatua ya 3: Chagua chanzo cha maji

### Maji ya bomba

Yana klorini, na ni haki yawe nayo, maana yalitengenezwa yanywewe na watu. Klorini ya kawaida hutoka yenyewe ukiyaacha maji kwenye ndoo ya wazi yenye jiwe la hewa linalotoa viputo kwa saa 24. Kloramini, yaani klorini iliyochanganywa na amonia, haitoki hivyo. Hiyo inataka mkaa maalumu wa kuchujia maji au dawa ya kuondolea klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki.

Ila klorini ni tatizo dogo. Tatizo kubwa ni vile visivyotoka. Tuseme bomba lako lina TDS 300 na unajazia lita 4 kwa siku. Hizo ni gramu 1.2 kila siku, gramu 438 kwa mwaka, za vitu ambavyo hukuvialika na wala hujui ni nini. Sehemu kubwa ni chokaa na magadi, si sumu. Sehemu ndogo ni nitrati, fosfati na silika, na hizo ndizo zinazokuletea utando wa kahawia kwenye kioo na mwani wa nyuzinyuzi kila ukisafisha.

Ulipo pia kuna maana. Maji ya Ziwa Victoria yana vitu vichache vilivyoyeyuka, kwa hiyo aliye Mwanza au Kampala huanza na namba ndogo. Wenzetu walioko Muscat hunywa zaidi maji ya bahari yaliyokwisha kuchujwa chumvi kiwandani, wakadhani wameshamaliza kazi. Lakini maji hayo hurudishiwa madini na klorini kabla ya kuingia bombani. Nayo yapimwe kama mengine.

### Maji ya kisima

Kwa pwani nasema hapana bila kusita. Visima vingi vya Dar es Salaam, Mombasa na Unguja vina chumvichumvi, na vilivyo karibu na vyoo vya shimo huwa na nitrati. Kiwango cha juu cha nitrati ambacho Shirika la Afya Duniani linakubali kwa maji ya kunywa ni miligramu 50 kwa lita. Maji ya kiwango hicho, lita 4 kwa siku ndani ya tangi la lita 200, yanaongeza miligramu 1 katika kila lita kila siku. Mwezi mmoja, 30. Matumbawe mengi yatakuwa yamepauka au kugeuka rangi ya matope kabla ya hapo.

Arusha na maeneo mengine ya Bonde la Ufa, pamoja na visima virefu vya Nairobi, ongeza floridi. Bahari ina floridi yake, kama miligramu 1.3 kwa lita, na viumbe wameizoea. Kisima chenye mara tatu au nne ya hiyo kitaipandisha siku hadi siku.

### Maji yaliyochemshwa

Hili naulizwa kuliko yote, maana tumelelewa tukiambiwa maji yakichemka yamekuwa salama. Ni salama kwa tumbo lako. Kuchemsha kunaua vijidudu na kufukuza klorini. Madini mengi hubaki majini, tena yanazidi kukolea kwa kuwa maji kiasi yamepotea na mvuke. Ule ukoko mweupe wa birika ni sehemu tu ya chokaa iliyoganda. Pima maji baada ya kuchemsha, utaona madini bado yamo.

### Maji ya chupa na ya kupimiwa dukani

Yanafaa kwa tangi dogo, kwa sharti moja: soma namba. Viwanda vingi huchuja maji hadi yakawa karibu matupu, kisha huyarudishia madini kwa ajili ya ladha. Maji ya kunywa ya TDS 30 yanafaa kwa samaki peke yao. Ya 180 ni kama ya bomba, umelipia chupa.

Duka moja la kujaza madumu mtaani kwetu, muuzaji aliniapia kuwa maji yake ni “sifuri kabisa”. Nilichovya kipima mbele yake kikasoma 187. Hakuwa mwongo, nadhani. Mashine yake ilikuwa haijabadilishwa chujio muda mrefu na yeye hakuwa na kipima. Tangu siku hiyo kalamu yangu inakaa mfukoni, na wauzaji wamenizoea.

### Maji ya betri

Ya kwenye vituo vya mafuta, yale ya kuongezea betri ya gari. Yakiwa ni maji yaliyotoneshwa kutokana na mvuke au kuondolewa madini kweli, ni mazuri sana, na TDS husoma 0 hadi 5. Hatari yake ni jirani anayekaa naye rafuni: asidi ya betri, katika chupa inayofanana. Soma kibandiko mara mbili, pima TDS, na uchovye karatasi ya kupimia asidi. Asidi itaruka juu sana kwenye kipima. Chupa isiyo na kibandiko, iache.

### Maji ya mvua

Kwa nadharia ni maji matupu, bure, kutoka mbinguni. Ila yanapita kwenye paa. Mabati yana zinki, paa lina kinyesi cha ndege na vumbi la mjini, na nyumba iliyo karibu na ufuo ina hata chumvi ya upepo. Ukitaka kuyatumia, kinga moja kwa moja kwenye karai la plastiki uwanjani, mbali na miti na paa, baada ya mvua kuwa imenyesha nusu saa na kuosha hewa. Mimi hufanya hivyo masika. Hukusanya kidogo, huyapitisha kwenye mkaa, na nafurahia kama mtoto. Lakini tangi halisubiri masika.

### Maji ya kiyoyozi

Hapa nilijifunza kwa gharama. Kiyoyozi changu kilitoa lita 6 kwa siku, TDS ilisoma 9, nikajiona mjanja wa mji. Wiki ya tatu kamba wangu wawili wasafishaji, wale wekundu wenye mstari mweupe mgongoni, wakafa usiku mmoja. Konokono wakaanguka kutoka kwenye kioo. Samaki hawakujua kitu.

Ndani ya kiyoyozi maji hutiririka juu ya mabomba ya shaba. Shaba kidogo mno, sehemu ya kumi ya miligramu katika lita, haionekani kwenye kipima TDS, lakini inaua kamba, konokono na matumbawe. Namba ndogo ya TDS inakuambia vitu ni vichache. Haikuambii ni vitu gani.

### Maji ya mashine ya RO yenye rezini

Anayepoteza zaidi ya lita 2 au 3 kwa siku, au mwenye matumbawe, mwisho wa safari ni hapa. Mashine ya RO hupenyeza maji kwenye utando mwembamba unaobakiza asilimia 90 hadi 98 ya vilivyoyeyuka, kisha rezini, punje ndogo zinazonasa vilivyobaki, humalizia hadi 0.

## Hatua ya 4: Pima na uamue

Suuza kipima kwa maji yenyewe unayoyapima, tikisa, soma baada ya sekunde kama 20. Kipimo changu cha kuamua ni hiki:

- 0 hadi 5: tia bila wasiwasi, hata kwa matumbawe magumu.
- 6 hadi 20: sawa kwa samaki na matumbawe laini.
- 21 hadi 50: samaki peke yao, na ubadilishe maji kwa ratiba.
- Zaidi ya 50: dharura tu.

Maji yoyote mapya ya dukani yapime kila ukinunua. Mara moja kwa mwezi yapime pia fosfati na nitrati, hasa ukiona mwani unarudi upesi.

## Hatua ya 5: Kama ni RO, ifunge ipasavyo

Mashine nyingi zinazouzwa hapa ni za maji ya kunywa. Zinafaa, ila mwisho wa mstari huwa na kichupa cha kurudisha madini, “alkalini” wanavyokiita. Mwambie fundi akukatie mstari kabla ya kichupa hicho, hapo ndipo aweke rezini. Wengi waliolalamika kwangu kuwa RO yao mpya inasoma 60 walikuwa wamekiacha mahali pake.

Pili ni msukumo. Utando unataka psi 50 au zaidi. Simtanki lililokaa kwenye mnara wa mita 5 linatoa psi 7 tu, kwa kuwa kila mita ya kimo ni kama psi 1.4. Bila pampu ndogo ya kusukuma, mashine itatiririsha maji mengi ya taka, maji mazuri yatoke kidogo, na TDS iwe juu. Usikubali kuuziwa utando mpya kabla hujapima msukumo.

Mpangilio uwe hivi: chujio la tope, chujio la mkaa, utando, rezini. Mkaa haupo kwa ajili ya samaki tu. Klorini hutoboa utando, na mkaa ukichoka utando unafuata. Badilisha tope na mkaa kila miezi 6, au mapema ukiona la tope limekuwa rangi ya chai ya maziwa, jambo la kawaida baada ya mvua kubwa.

Ukiifunga mara ya kwanza, mwaga maji yote ya saa ya kwanza. Kila ukiiwasha baada ya kulala, mwaga ya dakika 5 za mwanzo, maana maji yaliyosimama kwenye utando huwa yamechafuka kidogo na yanamaliza rezini bure.

Kwa kila lita nzuri, lita 3 au 4 hutoka kama taka. Usiziache ziende mferejini. Ni maji ya bomba yaliyokolea kidogo tu, yanadeki, yanafua, yanasafisha choo. Mama mwenye nyumba akijua hivyo hatakugombeza kwa bili.

Umefaulu ukiona hesabu kama hii: bomba 280, baada ya utando 8, baada ya rezini 0. Hapo utando unazuia asilimia 97. Ukishuka chini ya 90, wakati wa utando mpya umefika. Rezini ikianza kusoma 2, itoe, usingoje ifike 10. Iliyochoka huanza kuachia vitu ilivyokuwa imevishika, silika ikiwa ya mwanzo.

## Hatua ya 6: Hifadhi maji yako

Maji matupu yana njaa. Yataramba chochote yatakachokigusa, kwa hiyo yasiguse shaba wala bati. Koki ya shaba kwenye dumu ni kosa. Tumia ya plastiki.

Dumu lililokuwa na mafuta ya kupikia halisafishiki vya kutosha, utaona utando unaong’aa juu ya maji. Lililokuwa na dawa ya shamba au sabuni kali, lisiingie nyumbani.

Funika muda wote. Mbu wa dengue hupenda kutaga kwenye maji masafi yaliyotulia. Na ukipuliza dawa ya mbu chumbani, hamisha madumu na funika tangi kwanza. Dawa hizo huua kamba kama zinavyoua mbu.

Andika tarehe na TDS kwenye tepu ya dumu. Likikaa zaidi ya wiki 3, pima tena.

## Hatua ya 7: Jazia kidogo kidogo

Anayengoja hadi maji yapungue lita 20 ndipo amwage dumu zima, samaki wake wanapanda kutoka 35 hadi karibu 39, kisha wanashushwa kwa dakika mbili. Kila wiki. Jazia kila siku, bora asubuhi na jioni.

Mimina kwenye sampu au pale maji yanapokwenda kasi. Kamwe usimimine juu ya tumbawe. Maji matamu yakilidondokea yanalichoma.

Hapa ndipo mpira wa dripu unapoingia. Weka dumu juu ya kabati, kata sindano, shusha mpira hadi kwenye sampu, legeza gurudumu. Mipira mingi ya watu wazima hutoa matone 20 kwa mililita 1. Ukitaka lita 1 iingie kwa saa 8, ni matone 42 kwa dakika. Hesabu kwa saa ya mkononi, kama nesi. Weka dumuni kiasi cha siku moja tu, ili hata gurudumu likilegea usiku, kinachoingia ni lita 4 na si 20.

Mwisho wa mpira uache juu ya uso wa maji, usizame. Ukizama na dumu likawa chini, maji ya tangi yatarudi nyuma, na asubuhi utakuta sakafu imelowa.

## Hatua ya 8: Ukitaka ijiendeshe

Floti ya plastiki kwenye sampu, au kihisio chenye pampu ndogo, vyote vinafanya kazi. Floti ya shaba ya tangi la choo usiifikirie kabisa.

Vifaa hivi hukwama. Konokono mmoja akipanda juu ya floti, tangi linajaa. Kwa hiyo dumu la akiba liwe dogo kuliko janga. Lita 20 zikiingia zote kwenye tangi la lita 200 lililojaa, chumvi inashuka hadi karibu 32. Samaki watavumilia. Floti iliyounganishwa moja kwa moja na mashine ya RO haina mwisho, na sijawahi kumshauri mtu aiweke.

Umeme ukikatika, maji ya juu hushuka kwenye sampu. Ukirudi, yanapanda, na kwa dakika chache kihisio kinaweza kudhani maji yamepungua. Chagua kifaa chenye kuchelewa dakika kadhaa kabla ya kuwasha pampu.

Wenye matumbawe magumu hujazia kwa maji ya chokaa, ili kila lita inayoingia ibebe kalisiamu. Ni gramu 1.5 hivi ya haidroksidi safi ya kalisiamu kwa lita, iachwe ituame, na maji maangavu ya juu tu yatoneshwe polepole usiku. Ni makali, yanachoma macho na ngozi. Chokaa ya ujenzi na chokaa ya tambuu hazifai, moja kwa uchafu wake, nyingine kwa kuwa hujui imechanganywa na nini.

## Mara moja kwa mwezi

Pima chumvi hata kama kila kitu kinakwenda. Kujazia maji matupu hurudisha kilichopaa tu. Povu unalomwaga kwenye kikombe cha kichuja povu, kifaa kinachotoa uchafu wa tangi kwa povu, na maji yanayorukia nje vilitoka na chumvi yake. Ukikuta 33, hapo ndipo maji ya bahari yana kazi: badilisha maji kiasi kwa maji chumvi, taratibu kama kawaida. Chumvi iliyoganda ukingoni ifute kwa kitambaa chenye maji matupu, isianguke kwa vipande juu ya matumbawe.

## Usiku wa dharura

Mashine imeharibika, maduka yamefungwa, na pampu ya sampu imeanza kunyonya hewa. Kwanza, zima feni na funika sehemu ya tangi kwa kioo. Unapunguza upotevu papo hapo. Pili, tafuta maji ya chupa yenye namba ndogo. Ukikosa, chukua ya bomba, tia dawa ya kuondolea klorini kwa kipimo cha kibandiko, ujazie lita 1 au 2 tu, kiasi cha pampu kuacha kelele. Maji ya bahari yaliyo kwenye dumu la kubadilishia yaache pale pale yalipo.